Trekta Lililoitwa Marehemu

Kazi ya kufyeka nyasi za chuo cha ualimu hakuiomba. Mtunza viwanja alikuwa mumewe. Mume alipopooza upande mmoja, mke alilichukua fyekeo kesho yake asubuhi, akaenda kumshikia nafasi isije ikapotea kabla mgonjwa hajainuka. Mgonjwa hakuinuka tena. Matanga yalipokwisha, mhasibu wa chuo alimwita mjane ofisini, akampa pole, akamwambia aendelee tu kwa muda. Muda huo ulikwenda miaka kumi na tisa. Hakuwa na barua ya ajira wala likizo. Alikuwa kibarua wa kutwa, na wanachuo walimzoea kwa jina la Mama Fyekeo, hata jina la kwenye kitambulisho likabaki kujulikana na binti yake peke yake.

Mwaka wake wa saba pale, chuo kilipewa msaada wa trekta dogo la kukatia nyasi. Lilikuwa jekundu, kimo chake kama cha meza, lina kiti kimoja na visu viwili vinavyozunguka chini ya tumbo. Siku lilipoteremshwa, Mama Fyekeo alisimama karibu kuliko watu wote. Alijua mara moja kwamba kile ndicho kiti chake, kwa kuwa nani mwingine pale aliyekuwa akijua wapi kuna shimo, wapi kuna jiwe, wapi maji hutuama mvua ikinyesha?

Wiki iliyofuata aliletwa kijana mmoja, mpwa wa mhasibu, mwenye leseni. Akaitwa Dereva, na jina likamkaa.

Dereva alikuwa akiumaliza uwanja wa mpira kwa saa moja na nusu, kisha anakwenda kukaa kivulini. Mama Fyekeo aliachiwa kile ambacho trekta halifiki: mitaro, kando ya kuta, mizizi ya miti, nyuma ya vyoo. Yaani zile nyasi rahisi za katikati, alizozifyeka kwa miaka sita akizihesabu kuwa ndiyo mapumziko yake, zilikwenda kwa mashine, naye akabaki na miiba. Siku moja alimwomba Dereva akae kidogo tu, aone.

"Mama, hiki siyo kigoda cha jikoni," Dereva alimwambia, na wanachuo waliokuwa karibu wakacheka meno nje.

Hakuomba tena. Lakini macho hayana pazia. Kwa miaka tisa aliangalia mkono gani unavuta nini, mguu gani unakanyaga wapi, na mlio upi ni wa kazi na upi ni wa kulalamika. Aliijua mashine ile kama mke mwenza anavyomjua mwenzake, bila kugusana.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyeliona doa. Lilikuwa pale sakafuni bandani, trekta linapolala, doa jeusi la upana wa kiganja. Wiki ya pili likawa kama sahani. Akaenda kumwambia.

"Inavuja oili, mwanangu."

"Mama, wewe angalia nyasi. Mashine niachie mimi."

Alhamisi moja mchana, katikati ya uwanja, injini ililia kama mtu aliyetia kokoto kwenye debe akalitikisa. Ikagonga mara tatu, ikatoa moshi, ikanyamaza. Wanachuo walilisukuma trekta mpaka nyuma ya stoo. Mhasibu aliandika kwamba mashine imekufa kwa uchakavu. Dereva hakuulizwa neno. Alipandishwa, akapewa gari la mkuu wa chuo aliendeshe, na Mama Fyekeo akarudishiwa uwanja mzima kwa mkono, kwa ujira uleule.

Trekta lilikaa chini ya mfereji wa bati miaka miwili. Kuku wa mlinzi walitaga kwenye kiti. Wanachuo, ambao hawakosi neno, waliliita Marehemu.

Kisha likaja tangazo la mnada. Chuo kilikuwa kinauza vitanda vilivyovunjika, viti vya miguu mitatu, mashine za kupigia chapa, na Marehemu. Mama Fyekeo alilisoma tangazo ubaoni, akalisoma tena. Jioni aliingia chumbani kwake, akaiondoa baiskeli ya mumewe ukutani ilipokuwa imeegemea, akaifuta vumbi, akaikokota kwenda kuiuza.

Siku ya mnada, mtu mmoja tu ndiye aliyeshindana naye kwenye trekta, mfanyabiashara wa chuma chakavu, na yeye alikuwa anapanda bei kwa kukadiria uzito. Uzito una mwisho. Alipofika pale chuma kinapoacha kumlipa, alinyamaza, akamwangalia yule mama kwa huruma.

"Mama, unajua kwamba hii injini yake imekufa?"

"Najua hata saa iliyokufa."

Vibarua wanne walimsaidia kulisukuma mpaka nyumbani. Tairi la mbele lilikuwa limekwisha upepo, likawa linachora mtaro barabarani njia nzima, na kila waliyepishana naye alipata la kusema.

Nyumbani, binti yake alikuwa amerudi kutoka kwenye shule ya chekechea anakofundisha. Aliliangalia trekta, akauangalia ukuta wa chumbani kupitia mlango uliokuwa wazi. Kwenye baiskeli ile ndiko alikobebwa na baba yake kwenda shule, amekaa nyuma, ameshika shati la baba kwa mikono miwili.

"Umeuza baiskeli ya baba," alisema polepole, "ukanunue maiti?"

"Baiskeli ilikuwa haiendi popote."

"Na hii inakwenda wapi?"

Mama alimwambia chakula kipo jikoni. Binti hakula, na kwa muda wa miezi mitatu maongezi yao yalikuwa ya shikamoo na marahaba.

Fundi aliyeletwa alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa makamo, mwenye maneno machache na kucha nyeusi. Alifungua injini uani juu ya gunia. Hakuhitaji hata dakika ishirini. Alitia vidole ndani, akatoa kipande cha chuma kilichokatika, kisha akamwonyesha tundu ubavuni mwa injini lenye ukubwa wa yai.

"Hii imenoki, Mama. Konrodi imekatika ikatoboa nyumba yake. La kuvunda halina ubani."

"Ni uzee?"

"Uzee gani! Hii injini ilikuwa na miaka kumi mingine ya kuishi. Imekimbizwa bila oili mpaka ikajiua." Akafuta mikono. "Aliyekuwa anaiendesha hakuambiwa?"

"Aliambiwa."

Fundi aliona uso wake, akaacha kuuliza.

Dawa ilikuwa moja, kuitoa injini nzima na kuweka nyingine. Mama Fyekeo alidhani ni jambo jepesi, maana injini za pampu zimejaa mjini. Fundi akamwekea mkono wima, kisha akaulaza. Mhimili wa injini ya pampu hulala, alimweleza. Wa trekta hili umesimama, unashuka chini kuzungusha mikanda ya visu. Ukiweka ya kulala utakuwa umevaa suruali kichwani. Alichukua boksi la viatu, akalikata, akachora juu yake matundu ya boliti yalivyopangana, akampa.

Kuanzia hapo, kila Jumapili, yule mama alizunguka na kipande chake cha boksi kwenye magereji na yadi za vyuma. Alizoeleka. Walio wengi walimtania kwamba anatafuta mchumba wa Marehemu. Miezi minane ilipita. Mwishowe aliipata pale ambapo angeanzia kama asingekuwa na haya, kwenye yadi ya yule mfanyabiashara wa chuma chakavu. Lilikuwepo trekta la kukatia nyasi lililoangukiwa na ukuta, limebonyea kama kopo lililokanyagwa, lakini injini yake ilikuwa nzima. Boksi lilikaa juu ya matundu kama mfuniko juu ya sufuria lake.

"Nilijua utakuja," yule bwana alisema. "Una nini?"

Alikuwa na mikono. Yadi yenyewe ilikuwa imeota magugu marefu kuliko mtu, yamejikunja kati ya mabati na mashine mbovu, na nyoka walikuwa wameshafanya makazi. Walikubaliana. Kwa wiki sita, akitoka chuoni saa tisa, Mama Fyekeo alikwenda kufyeka katikati ya vyuma. Alikatwa na bati mara mbili, mguuni na kwenye kifundo cha mkono. Siku ya mwisho, mwenye yadi mwenyewe alishika upande mmoja wa injini akamsaidia kuipakia kwenye mkokoteni.

Ilipofungwa, fundi alitia oili, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, kisha akarudi nyuma.

"Panda."

"Mimi?"

"Kwani limenunuliwa na nani?"

Akapanda. Kiti kilikuwa cha moto kwa jua. Alizungusha ufunguo, injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika, na mtetemo wake ukampanda kutoka nyayo mpaka kwenye meno. Hakuhitaji kufundishwa. Alilitoa uani, akaingia njiani, akaenda mpaka kwenye kona na kurudi, amenyoosha mgongo, kitenge kimebanwa chini ya mapaja. Majirani walitoka. Wanachuo wawili waliokuwa wakipita walishika vichwa: "Jamani! Marehemu amefufuka!" Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Mama aliporudi alimkuta amemwekea maji ya kuoga. Ile ilikuwa siku nzuri, na inafaa itajwe, kwa sababu nyingine za namna ile hazikuwa nyingi.

Jumatatu alivaa gauni lake la heshima akaenda kwa mkuu wa chuo. Alimweleza mpango wake: atakata viwanja vyote mara mbili kwa mwezi kwa trekta lake, kwa mkataba, na mitaro ataimalizia kwa mkono kama zamani. Mkuu alifurahi. Alimsifu mbele ya mhasibu, akasema wanawake wa aina hii ndio nguzo, akasema angependa wanachuo wote wamwige. Mama Fyekeo alipokea sifa zote ameinamisha kichwa. Hakujua bado kwamba anavishwa kilemba cha ukoka.

"Sasa," mkuu akasema, "ataendesha nani?"

"Mimi, mkuu."

Mkuu akamwangalia mhasibu.

"Una leseni, Mama?" mhasibu aliuliza.

"Ya kukatia nyasi?"

"Chuo kina utaratibu. Akigongwa mwanachuo, tutasema nini? Lakini usijali, mtu tunaye. Dereva ana nafasi asubuhi kabla mkuu hajatoka. Ataendesha yeye, wewe utafuata nyuma na reki kukusanya nyasi. Trekta ni lako, hakuna anayekunyang'anya."

Alitaka kusema mengi. Alitaka kuwaambia ni nani aliyeliua. Lakini nyasi za kutosha trekta, pale mjini, zilikuwa za chuo peke yake. Nyua nyingine zote ni za kumaliza kwa fyekeo kabla chai haijapoa. Akameza. Aliomba jambo moja tu, kwamba oili awe anapima yeye kila asubuhi kabla mashine haijawashwa. Wakasema hilo halina neno.

Basi ikawa hivyo. Trekta likawa linalala bandani chuoni, ufunguo anao Dereva. Dereva alikaa juu, na mwenye mali akawa anatembea nyuma, anakusanya nyasi zilizokatwa na mashine yake. Kila asubuhi ya kukata nyasi alivuta kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakichovya, akakiangalia juani, huku Dereva akibofya simu na kupiga miluzi.

"Unakiangalia kama pete ya ndoa," alimwambia siku moja. "Mtu akituona atadhani mimi ndiye kibarua wako."

"Trekta ni la nani?"

Neno lilimwingia Dereva. Kuanzia wiki ya tatu alianza kuja mapema. Mama Fyekeo akifika anakuta tayari uwanja umekatwa nusu. Akilalamika, anaambiwa mkuu ana safari. Akienda kwa mhasibu, mhasibu anamwambia wamalizane wenyewe, ni watu wazima.

Asubuhi iliyoharibu mambo aliusikia ule mlio wa kulalamika akiwa bado nje ya lango. Hakuamini kwamba ni wenyewe. Aliharakisha, kisha akakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na minne na reki mkononi, akakata uwanja moja kwa moja mpaka mbele ya trekta akasimama.

"Zima!"

"Toka mbele, Mama!"

"Nimesema zima!"

Trekta lilisimama hatua moja kutoka magotini kwake. Dereva hakuzima. Alikuwa anaangalia barazani, ambako mkuu alikuwa ametokeza na kikombe chake, na wanachuo walikuwa wamejaa madirishani. Mama Fyekeo alizunguka, akanyoosha mkono katikati ya magoti ya Dereva, akazungusha ufunguo mwenyewe. Kimya kikaingia uwanja mzima. Alivuta kijiti. Kilikuwa kikavu, na chuma chake kilikuwa kinaunguza vidole. Alikwenda nacho vilevile mpaka barazani, akakiinua mbele ya mkuu.

"Angalia, mkuu. Alishaua moja. Hii ni ya pili, na hii ni yangu."

Mkuu wa chuo alikiangalia kile kijiti kama mtu aliyeletewa panya.

"Mama, hayo ni mambo madogo. Usipige kelele mbele ya wanachuo. Njoo ofisini."

Ofisini hakukaribishwa kiti. Aliambiwa amemdhalilisha mtumishi wa chuo hadharani. Akaulizwa kama anajua kwamba yeye ni kibarua, na kwamba kibarua hana mkataba wa kuvunjwa. Alijibu kwamba anajua, amelijua hilo miaka kumi na tisa. Mhasibu akasema basi hakuna haja ya kuandikiana.

Alisubiri injini ipoe. Akatia oili, akapanda mwenyewe, akalitoa trekta kwa lango kubwa, na hapakuwa na aliyemzuia. Hakuna aliyepiga makofi pia. Watu husema baadaye kwamba walipiga, lakini hawakupiga.

Wiki ile Dereva aliendelea na gari la mkuu kama kawaida.

Kutafuta nyasi nyingine kulimchosha kuliko kufyeka. Alikwenda kwa wenye nyumba kubwa; walitaka kufyekewa, si kukatiwa kwa mashine, kwa sababu mashine inakunywa petroli na fyekeo halinywi. Alikwenda shule ya msingi. Wanafunzi wenyewe ndio waliokuwa wakifyeka, kwa adhabu. Mwisho wa mwezi wa pili, mtunza stoo wa chuo alikuja nyumbani, amevua kofia, akasema chuo kingependa kulinunua trekta. Bei aliyotaja ilikuwa nzuri.

"Litaendeshwa na nani?" aliuliza.

Mtunza stoo alikuna kichwa. "Mama, mimi nimetumwa tu."

"Basi uliyetumwa, rudi."

Binti yake alisubiri mgeni aondoke. Safari hii hakupandisha sauti.

"Mama, ungeuza. Tungelipumzisha hili jambo. Baiskeli imekwenda, kazi imekwenda. Sasa kimebaki nini?"

"Kimebaki kwamba ni langu."

"Hilo linaliwa?"

Halikuliwa. Alilijua hilo hata yeye, na alikaa kwenye ngazi mpaka mwanga ukaondoka, asione mahali pa kumlaumu mtoto.

Kazi aliyoipata baadaye ni ya kukata nyasi za kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, kile cha ndege za kubeba wagonjwa. Mara mbili kwa mwezi analiendesha trekta polepole ukingoni mwa barabara, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, malori yakimpigia honi. Huko hakuna mtu, ila mlinzi mmoja anayelala. Anakwenda juu na kushuka chini, mstari kwa mstari, na wenye kiwanja husema hawajawahi kuona kazi iliyonyooka hivyo. Malipo yakishatoa petroli na oili, kinachobaki ni kidogo. Siku nyingine zote anafyeka nyua za watu kwa mkono, na mgongo umeanza kumsema.

Njia ya kwenda huko inapita ubavuni mwa chuo. Juzijuzi alisimama pale kukaza mkanda uliolegea. Upande wa pili wa seng'enge palikuwa na msichana, pengine wa miaka ishirini na miwili, anafyeka mtaro. Alikuwa anashika fyekeo vibaya, anatumia bega badala ya kiuno. Msichana akaja kwenye seng'enge.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulegeze bega. Utaumia."

"Ahsante. Wewe ndiye yule wa trekta, eti?" Alilitazama kwa shauku. "Mama, hebu niambie. Hapa huwa wanaajiri? Wameniambia nianze tu kwa muda."

Mama Fyekeo aliweka spana chini. Alimweleza yote, kwa utulivu, bila kutia chumvi: mume, mhasibu, doa la oili, reki, kijiti, ofisi. Alimwambia atafute kazi nyingine angali ana nguvu. Ilichukua muda mrefu, na msichana alisikiliza vizuri, kidole kimezunguka kwenye waya. Mwishowe akauliza:

"Kwa hiyo, Mama, kama usingeondoka wewe, mimi nisingepata nafasi hii?"

"Usingepata."

"Basi ahsante sana," msichana akasema. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, akainama kidogo kwa heshima, kisha akakimbilia mtaroni, maana mhasibu alikuwa ametokeza barazani.

Mama Fyekeo alimalizia kukaza mkanda. Akapanda, akawasha, akaingia barabarani.